Kwa Wifi Aliyeniiga

Wifi yangu Wakesho,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua ulizoea salamu zangu za mdomo, tena za mkato. Leo nimefunga kibanda mapema, nimevaa miwani ya Mwadime, na huyo kaka yako analalamika kwamba hawezi kusoma gazeti. Mwache alalamike. Nina neno nawe.

Ni miezi minane tangu tukuzike Kishushe. Mvua imenyesha, nyasi zimeota, na Mwadime amezungushia waya kuzuia mbuzi. Ndovu hatuwawezi, hao tumemwachia Mungu. Watu bado wanakulilia, lakini wanakulilia wakicheka. Mteja anakuja, anaanza na "pole kwa msiba", na kabla hajamaliza amenisimulia ile siku ulipoigiza maiti ukapiga chafya ndani ya jeneza. Basi tunacheka wote wawili, yeye anafuta machozi kwa leso, na ndengu zake anazisahau mezani.

Mimi nilikujua kabla runinga haijakujua. Nilipoolewa kwenu, Kishushe kulikuwa na gari moja tu, na likiharibika tulikaa barabarani tangu asubuhi. Wewe ndiye uliyetuchangamsha. Ulimwiga chifu akitafuta miwani aliyoivaa, ukamwiga mwalimu wa kwaya, ukamwiga hata mama mkwe wangu, mamako mzazi, naye amekaa papo hapo! Kutoka hapo ukaenda kwenye majukwaa ya Mombasa, ukawa yaya redioni, ukaingia filamu mbili kama jirani mmbea. Kila mara walikupa maneno matatu na ufagio. Nilipokuonea uchungu uliniambia, "Wifi, mimi nipe ufagio tu, mengine nitajua mwenyewe."

Kisha wakakupa kipindi chako, nawe ukamleta Mama Ndengu.

Lo, Wakesho! Jioni ile nilipika kimanga cha mihogo na maharagwe, nikaalika majirani, nikaketi mbele kama bibi harusi. Ukatokea umefunga kilemba kama changu, gorogoro la kupimia mkononi, unamfokea mteja: "Usinishikie ndengu na mkono wa mafuta!" Maneno yangu! Kiswahili changu chenye Kidawida ndani yake, hata pua ninavyoivuta nikikasirika. Mwadime alicheka hadi akapaliwa. Kesho yake soko zima la Voi lilikuwa linaniita Mama Ndengu, na wapita njia wakaanza kunichokoza makusudi ili wanisikie nikifoka. Nikakupigia simu nikakwambia umenianika mbele ya watu. Nikaapa sitakutazama tena.

Na sikukutazama. Miaka saba, wifi. Kipindi kikianza, mimi naenda jikoni kuchagua ndengu. Krismasi ulikuja, tukala, tukapiga soga, lakini hilo hatukuligusa. Hata ulipougua, umelala kwangu umebaki macho tu, uliniuliza, "Hata siku moja hujaniona?" Nikakujibu nina kazi. Nina kazi! Ulimi huu, Wakesho. Watu wanasema uliondoka kwa amani, mimi najua uliondoka ukingoja jibu langu. Hilo limeninyima raha miezi hii yote.

Sasa sikia. Mwezi uliopita alikuja Kitavi, yule dairekta wako. Akanieleza kwamba sehemu ya mwisho ya kipindi uliigiza yote, ila koo lilikuwa limekwisha, kinachosikika ni pumzi tu. Mlikuwa mmekubaliana utarekodi sauti ukipata nafuu. Amejaribu waigizaji wanne Nairobi, na kila mmoja anasikika kama mtu anayekudhihaki. Wenye stesheni wamempa wiki mbili: sauti ipatikane ama sehemu hiyo itupwe. Ndipo akanipa maneno yako uliyomwachia: "Nikishindwa, nenda soko la Voi. Sauti yenyewe iko huko, mimi niliazima tu."

Nilikasirika upya. Yaani hata umekufa bado unanitumia! Nilitaka kumfukuza Kitavi na gari lake. Lakini nikafikiria: kazi yako ya mwisho duniani, umeifanya ukiumwa, halafu itupwe kwa sababu ya kiburi changu tena? Nikafunga kibanda nikamfuata.

Walikuwa wameegemeza magodoro ukutani katika chumba cha gesti, eti malori ya barabara kuu yasisikike. Nikavikwa vidude vya masikioni, nikaanza. Kitavi akaniambia, kwa adabu zake zote, "Mama, jaribu kusikika zaidi kama Mama Ndengu." Mimi! Nikaivuta pua kama ulivyoivuta wewe, nikafoka kama ulivyofoka, nikawa namwiga anayeniiga. Siku ya kwanza bure. Siku ya pili bure. Mchana wa siku ya tatu Kitavi alishaanza kukunja nyaya zake, na mimi nimekauka koo, najiona mjinga.

Nikamwomba aniwekee picha tupu, bila sauti yoyote, nikutazame tu. Nikakutazama, wifi. Umekonda, kilemba kinakuzidi kichwa. Unamgombeza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, unamnyooshea kidole, mdomo unakwenda kama cherehani. Halafu anapoinama kutafuta kibeti chake, mkono wako wa pili unachota konzi moja zaidi, unaitia kwenye mfuko wake, na unaendelea kumfokea asije akajua.

Nilidhani hakuna anayeniona nikifanya hivyo. Hata Mwadime hajui. Mtu aliyelemewa utamjua tu anavyouliza bei, na ukimwongezea waziwazi unamwaibisha, kwa hiyo mimi nafoka. Nikamwuliza Kitavi kama ule mkono uliandikwa. Akasema haukuandikwa hata mara moja, wewe mwenyewe uliuweka tangu sehemu ya pili, na wakikuambia uache unagoma kuigiza. Tangu sehemu ya pili! Mimi niliapa baada ya ya kwanza.

Nililia pale gesti bila haya. Nilipomaliza nikamwambia awashe mashine. Safari hii sikumwiga mtu. Nilimgombeza yule mama kama ninavyomgombeza mtu niliyemwonea huruma, na midomo yako ikaenda pamoja na sauti yangu mpaka mwisho. Kitavi alinishika mkono.

Jumamosi iliyopita ilionyeshwa. Tuliwekewa skrini kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakaja kutoka Ndara, wengine kutoka mbali kule Mata. Mjukuu wangu Saru alikuwa mapajani. Ulipofungua mdomo ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na huko nyuma mtu mzima akaanza kulia kwa sauti. Saru akaninong'oneza, "Nyanya, huyo ni wewe ama ni Nyanya Wakesho?" Nikamwambia anyamaze tusikie.

Basi jibu lako ndilo hili, limechelewa lakini limefika: nimekuona. Nimetazama sehemu zote za miaka ile saba kwenye simu ya Mwadime, na zile nilizozipenda nimezirudia. Ulikuwa hodari, wifi. Ulikuwa hodari kuliko nilivyokubali kusema, na ulinipenda, na mimi nilisusa. Nisamehe.

Kitavi anataka niigize. Nimemwambia Mama Ndengu amepumzika, asinisumbue. Lakini kuna wasichana wawili wa hapa Voi wanaotaka kazi kama yako, wanakuja kibandani jioni kunitazama nikiuza. Zamani ningewamwagia maji. Siku hizi nawapa kigoda wakae, nikiwaona wanakodolea macho mdomo wangu nawaambia watazame mikono. Yule mfupi ameanza kuniiga, na anaweza, mshenzi yule!

Lala salama, Wakesho. Jumapili baada ya ibada nakuja Kishushe. Gari likikataa nitangoja lingine. Nitaketi hapo kando yako nikueleze walicheka wapi na wapi, kicheko kimoja baada ya kingine, sitaruka hata kimoja, maana najua hilo ndilo ungeliuliza kwanza.

Wifi yako,
Mghoi