Mama, Niliwasimulia Mafundo Yako

Mpendwa Mama,

Kamwene, kwa salamu ya kwenu. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako Mbeya, mlango nimeurudishia kwa sababu ya baridi. Tangu tukuzike sijapata mtu wa kumsimulia siku ile ilivyokwenda, na kila nikifikiria nimwambie nani, jina linalokuja ni lako.

Nikiwa mdogo, kila Jumamosi tulikuwa tunamenya viazi pamoja, wewe kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyofunikwa. Watoto wa jirani walisimuliwa sungura na fisi. Mimi ulinisimulia wanazuoni. Ulinisimulia karani wa India aliyekuwa maskini wa karatasi, akikokotoa hesabu zake kwenye kibao na kufuta kwa kiwiko. Ulinisimulia binti wa Ufaransa ambaye wazazi wake walimnyima moto na mishumaa ili asisome hesabu, naye akajifunika mablanketi na kuendelea, wino umeganda kwenye kichupa.

"Kama baridi ya kwenu Mafinga," nikasema.

"Mafinga hatujafika huko," ukacheka.

Nikakuuliza yule karani aliishia wapi. Ukajibu kwamba alikufa angali kijana, kisha ukaweka kisu chini. "Unaona? Hata wewe umeuliza alivyoishia. Watu wanapenda hapo. Alichokiona huyo mtu, hakuna anayeuliza."

Wewe chako ulikiona utotoni, malori ya mbao yakishuka kutoka msitu wa Sao Hill. Ulisimama kando ya barabara ukiangalia wapakiaji wakifunga kamba, na ukajiuliza kuna fundo gani lisiloweza kufunguka kabisa. Swali hilo ulikwenda nalo sekondari, chuo kikuu, ng'ambo, ukarudi nalo na udaktari wa hesabu, ukaja kufundisha hapa Mbeya. Nyumbani walijua tu kwamba wewe ni mwalimu.

Ugonjwa ulipokulaza hospitali, Mjomba Festo alikuja kutoka Mafinga kukuona. Alikaa pembeni ya kitanda, akavitazama vidole vyako vikichezacheza kwenye shuka. Akaninong'oneza, "Dada yangu anaweweseka." Hukuwa unaweweseka, Mama. Nilikuona tangu nikiwa mtoto ukifanya hivyo ukiwa na jambo kichwani. Ulikuwa kazini.

Ulituacha asubuhi ya Jumapili, kengele za kanisa zikilia. Tulikusafirisha kwa barabara kwenda kukuzika kwenu Mafinga. Njiani, pale Igawa, tulisimama dereva apumzike, na akina mama wauza mchele walipoona gari la maiti waliacha kutuita, wakasimama kimya na mabeseni yao mpaka tulipoondoka. Hapo ndipo nilipolia kwa sauti.

Mafinga tulikuta watu wamejaa uwanjani kwa Babu. Makaburini Mjomba akasoma wasifu wako. Ulizaliwa, ukabatizwa, ukapata kipaimara, ukasoma, ukafanya kazi ya ualimu, ukaimba kwaya, ukaugua. Ulikuwa mpole na mkarimu. Yote ni kweli. Lakini nilisikiliza hadi mwisho, na wewe sikukusikia humo.

Nilimsogelea. "Mjomba, hujasema alichokifanya."

"Nimesema. Ualimu."

"Hesabu zake, Mjomba."

"Mwanangu, hayo tuyaache. Watu wamesimama kwenye baridi tangu asubuhi. Nani atayaelewa hapa?"

Mchungaji alitusikia. Akanitazama kidogo, akasema, "Mwacheni mtoto aseme juu ya mama yake. Kwa ufupi lakini."

Sikuwa nimejiandaa. Kamba za kukushushia zilikuwa chini, karibu na miguu yangu. Nikaomba moja. Kijana aliyeishika akamtazama Mjomba kwanza, ndipo akanipa. Nikaipiga fundo la kawaida, lile la kwanza kila mtu hujifunza, kisha nikazikutanisha ncha mbili na kuzikaza pamoja kwa leso, kamba ikawa duara lenye fundo ndani.

Nikasema, "Nani anaweza kulifungua hili bila kukata kamba na bila kuachanisha hizi ncha?"

Nilidhani watanifukuza. Mzee mmoja mpakiaji wa mbao akajitokeza, akavuta huku, akalegeza kule. Mwenzake akamfuata: "Lete, hujui wewe." Fundo likakua, likapungua, likasogea upande wa pili wa duara, halikutoka. Bibi, mama yako mdogo, akaita kutoka kwenye mkeka, "Zungusheni kinyume!" Watu wakacheka, Mama. Msibani kwako, jeneza liko mbele yetu, watu wakacheka, na mimi nikatamani sana ungewasikia.

Mwishowe kamba ikafika kwa Mjomba. Aliigeuza muda mrefu.

"Halifunguki hili," akasema.

"Una hakika, Mjomba? Labda hatujajaribu vya kutosha."

Akafikiri. "Sina hakika."

"Mama alikuwa nayo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alitafuta njia ya kujua kwa hakika fundo gani halitafunguka hata mkijaribu maisha yote, na lipi linatisha tu kwa macho. Kuna mafundo makubwa ambayo watu wa nchi nyingi walishindwa kuyaamua, yeye akayaamua, hapo Mbeya."

Mjomba aliishika ile kamba mbele ya kifua. "Huyu dada yangu," akasema, "huyu dada yangu," akashindwa kuendelea. Ilibidi mtu mwingine aifungue leso, ainyooshe kamba, ndipo tukakushusha.

Nilidhani maumivu yangu yatapungua baada ya hapo. Hayajapungua. Niliwaeleza fundo la mwanzo kabisa, lile ulilonifundisha nikiwa mdogo. Yaliyofuata siyajui. Ulikwenda mbali sana, na huko ulikokuwa sikuwahi kukufuata.

Jana amekuja hapa mwanafunzi wako, Atupele. Alikuwa likizo kwao Tukuyu, habari zilimfikia tumeshakuzika. Alisimama mlangoni na begi mgongoni. Nikamkaribisha chai. Akasema, "Dada, Dokta aliniambia nikikwama kwenye ile hatua ya tatu ya hesabu yangu nirudi. Nimekwama." Kisha akaanza kunieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, nami nikasikiliza neno kwa neno nisielewe chochote. Katikati akakisogeza kikombe pembeni. Chai ilikuwa imepoa.

"Sasa nitamuuliza nani?" akasema.

Nilihamia upande wake wa meza, Mama, tukakaa.

Lala, Mama. Pumzisha na vidole.

Ni mimi, binti yako.