Neno Lililofuata "Watoto"

Brooklyn Park

Mjukuu wangu Zawadi,

Barua yako imenifikia, nami ni mzima, isipokuwa goti. Shangazi yako amehamia mji wa Lakeville, kwa hiyo siku hizi nakula peke yangu. Umeniuliza kama niliwahi kulia ugenini. Niliwahi, miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi hapa jirani, mjini Minneapolis.

Tulikuwa tukisoma maandishi ya makaburi ya Likia, nchi ya kale iliyokuwa pwani ya Uturuki ya leo. Kwenye kaburi nililopewa mimi, mwenyewe aliandika kwamba amelijenga kwa ajili ya mkewe, watoto wake, kisha likafuata neno moja ambalo wataalamu hawakulielewa. Nilihangaika nalo majira yote ya baridi, wala sikuwa na wa kuzungumza naye. Mwishowe nikaandika: "wageni."

Mwalimu wangu, mama mmoja wa makamo, alisoma karatasi yangu taratibu.

"Ushahidi uko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sina.

"Mimi niliwahi kulitafsiri 'dada,'" akasema. "Nilikuwa nimetoka kumzika wangu."

Akanisogezea kifutio. Nikafuta, nikaandika "maana haijulikani." Hapo ndipo machozi yaliponitoka, mjukuu wangu, kwa kuwa katika kaburi lile la watu nisiowajua nilikuwa nimeshajitafutia nafasi. Mwalimu hakuniambia ninyamaze. Alivuta kiti, akakaa nami mpaka nilipomaliza.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja.

Babu yako