Niliyewashtaki Ni Mimi

Alhamisi, Agosti 2021. Lidcombe, Sydney.

Jua limewaka tangu asubuhi, lakini upepo ni ule wa baridi inayopenya sweta mbili. Nimerudi kutoka kazini saa kumi, nikavua barakoa, nikakaa kitandani na koti langu. Sijapika. Hakuna wa kumpikia.

Nina jambo ambalo nimelificha siku tano. Leo nimemwambia mtu mmoja. Acha niliandike kabla sijaanza kujipamba.

Tangu lokdauni ianze, kila asubuhi nimekuwa nikirekodi neno fupi kwenye grupu la WhatsApp la kanisa letu. Nilichagua somo la hukumu. Nilisema dunia imeoza, ndoa zimekuwa mchezo, vijana wetu hapa Sydney wanaishi kama watu wasiolelewa. Nilisema gonjwa hili ni fimbo ya Mungu. Watu walijibu Amina, Amina. Nilizipenda zile Amina. Binti yangu yuko Perth na mpaka wa jimbo lile umefungwa. Wazee ninaowaogesha kazini hunisahau kabla sijafika mlangoni. Siku nyingine hizo Amina ndizo salamu pekee nilizopata.

Jumamosi alasiri nilitoka kutembea kidogo, kama tulivyoruhusiwa. Nikapita mtaa wa Mama Neema, Mkongomani ambaye tumekaa benchi moja kanisani miaka sita. Mlango wa gereji yake ulikuwa umefungwa, na ndani watu wanaimba. Nilizitambua sauti. Ya shemasi. Ya Mama Baraka. Walikuwa kama kumi hivi.

Nilisimama kwenye uzio nimeshika simu, kana kwamba wangenikumbuka dakika ile ile.

Haikulia.

Nikarudi nyumbani, nikapiga namba ya kuripoti wanaovunja lokdauni, nikatoa anwani. Nilijiambia nawalinda wazee wangu, na kwamba Mkristo hutii mamlaka. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna hata moja lililonifanya nipige. Nilipiga kwa sababu sikualikwa.

Polisi walifika, wakawatawanya, wakawaandikia faini. Jumapili shemasi akaandika kwenye grupu: mama mzazi wa Mama Neema amefariki kwao Uvira, na jana tulipokusanyika kumlilia tulikatizwa. Chini yake akaongeza: "Dada Salome, wewe tulikuficha makusudi. Unahudumia wazee, hatukutaka tukubebeshe ugonjwa. Usituchukie."

Nilisoma mara nne, nimesimama jikoni. Kisha nikaandika, "Pole sana mpendwa."

Ndiyo. Niliandika hivyo.

Na Jumatatu nikarekodi neno lingine, kuhusu upendo kupoa katika siku hizi za mwisho. Nilipofika kwenye watu wanaosaliti ndugu zao, sauti ilinikwama. Walidhani nimeguswa na Roho.

Miaka yote nilipofikiria hukumu niliona moto na umati mkubwa wa watu wengine, na mimi nimesimama pembeni, salama, nikiangalia. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kumkuta mtu mmoja jikoni kwake, hana wa kumlaumu, hana hata wa kumshika mkono.

Leo, nikingoja treni, nilimpigia.

"Mama Neema, aliyewapigia polisi ni mimi."

Nilimsikia mwanawe akiuliza kwa Kiingereza ni nani, naye akamwambia aende nje.

"Ni weye, Dada Salome?"

"Ni mimi. Niliwasikia mnaimba, nikaona mmenitenga."

"Mama yangu sikumuona miaka kumi na moja," alisema polepole. "Sikumuzika. Nilikuwa na ile saa moja tu ya kumulilia na watu."

Nilisema nisamehe. Neno lilitoka dogo, kama la mtu anayeomba apishwe njiani.

"Leo hapana. Leo siwezi. Unipigie dimanche."

Akakata. Treni ilikuja, ikaondoka, nikabaki kwenye benchi. Sikulia. Nilijihisi kama nyumba iliyohamwa.

Nilipofika hapa nikamwandikia shemasi. Nimemweleza yote, nikamwomba awaambie na wale wengine, na neno la asubuhi ampe mtu mwingine. Amesoma. Hajajibu.

Mpaka Jumapili, hiyo dimanche yake, ni siku tatu. Huenda Mama Neema anatafuta maneno makali zaidi. Huenda atapokea tu asiseme kitu. Yote mawili ni haki yake.

Nitapiga. Akinitukana, nitasikiliza mpaka amalize, na sitajitetea.