Kamba Niliyemwita Samaki

3 Machi

Mwanangu Kimya,

Hujambo na masomo? Mimi mzima, ila mikono inanuka vichwa vya kamba hata niisugue kwa ndimu. Vile vichwa na maganda tuliyokuwa tukitupa, sasa tunavichemsha, tunavikausha, tunavisaga kwa mashine ya kikundi chetu. Mkufunzi wetu anasema unga wake una protini tele. Lebo ulizotutafsiria zimebandikwa kwenye pakiti zote arobaini. Nimeona umeandika "unga wa samaki." Nikasema, huyu ndiye msomi, huenda vitabuni kamba naye ni samaki.

Pakiti ya kwanza nimempa jirani, fundi cherehani aliyekushonea sare. Anaumwaumwa, uji utamtia nguvu.

Shangazi yako

9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia. Naandika kwa sababu kwenye simu ulimi unaniganda.

Karatasi ya Kiingereza mliyonitumia ilisema kamba, na chini ilikuwa na onyo kwa watu wanaodhurika na kamba. Niliwaonyesha wenzangu tafsiri yangu ya kwanza. Mmoja akauliza, "Unga wa kamba? Ya katani au ya nailoni?" Darasa zima likacheka. Wiki nzima nikaitwa Kitanzi. Basi nikafuta kamba, nikaandika samaki. Onyo nikaliruka, maana lingenirudisha kwenye neno lile lile.

Jana mwalimu wa baiolojia alituambia wapo watu wanaokula samaki bila shida, lakini wakila kamba koo linavimba hadi pumzi inakatika. Zikusanye pakiti, nakuomba.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Salamu. Barua yako imenifikia, na nimeisoma nimesimama. Pakiti thelathini na tisa zimerudi. Iliyobaki ni ya fundi.

Juzi alivimba midomo. Zahanati wakamuuliza amekula nini kipya. Akajibu, "Uji wa samaki tu, na samaki nala tangu utotoni." Wakasema basi ni sabuni. Amebadilisha sabuni, uji anaendelea.

Nimekwenda mara mbili kumwambia. Namkuta mumewe mlangoni, ananishukuru kwa unga, miguu inageuka yenyewe. Wanawake sita tunategemea mashine ile, mwanangu. Nipe siku mbili tatu. Usimwambie mtu.

Shangazi

17 Machi

Shangazi, shikamoo,

Siku tatu zimekwisha, sikuweza kungoja zaidi. Namba ya fundi nimeipata kwenye risiti yake iliyosahaulika mfukoni mwa sare. Nilikata mara nne kabla haijaita. Akapokea mumewe.

"Shikamoo baba. Ule unga mama asile tena. Ni wa kamba."

"Kamba wapi? Pakiti ninayo mkononi, imeandikwa samaki."

"Mimi ndiye niliyeandika."

Kisha akasema polepole, "Amemaliza kikombe sasa hivi."

Simu aliiweka chini bila kuikata. Nikasikia kiti kinaburutwa, anamwita mkewe. Akamwita tena. Mara ya tatu kwa sauti ambayo sikujua mtu mzima anayo. Nilisema haloo, haloo, mpaka chaji ikaisha.

Mama yangu amenikuta nimekaa sakafuni, nimemweleza yote. Kwa simu yake nimekupigia mara kumi na moja. Hupokei.

Kama hupokei kwa sababu uko kwa fundi, usipokee.

Mwanao