Vyuma Vitatu vya Juu

Fundi,

Leo sikulilii. Leo nimekasirika, na unajua nikikasirika sinyamazi, kwa hiyo nisikilize. Zamani ulikuwa unavuta kile kigoda chako chenye mguu mmoja wa bomba, unaniacha niseme mpaka niishiwe, halafu unaniuliza swali moja tu nakosa jibu. Kigoda bado kiko hapa karakana. Nimekikalia mimi, naandika.

Leo Ijumaa tulitakiwa tuwe mlimani. Saa hizi hema lingekuwa limeshasimama, Mama Keza anakaanga ndagala, mimi nakagua mikanda ya kupandia. Badala yake niko Rumonge, mlango nimeufunga nusu, na kesho wanafanya kuganduka kwako. Mwaka umetimia. Watu watakaa kwenye viti, watakunywa, watasema ulikuwa mtu wa watu, matanga yataisha na kila mtu atarudi kwake.

Wazo langu lilikuwa dogo. Nilisema viti na hotuba viwepo Jumamosi kama desturi, lakini siku moja kabla, sisi wanne tupande kwenye mwamba wako kule juu ya Gatete, tulale, asubuhi tupite njia yako ya chuma kutoka chini mpaka juu. Mimi, mke wako, binti yako Keza, na Mwalimu Bosko. Watu wanne, mikanda minne. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mwalimu Bosko nilimtaka kwa sababu yeye ndiye aliyeleta haya yote. Alikuja kuchomelea pikipiki yake, akakuonyesha kwenye simu picha za Wazungu wanatembea kwenye ukuta wa jiwe, vyuma vimepigiliwa kama ngazi, waya mnene pembeni wa kujifunga. Akasema wanaita via ferrata. Ulizitazama zile picha mpaka chai ikapoa, ukasema, "Hii ni kazi ya kuchomelea tu, sudire na simenti, na sisi milima tunayo." Nilicheka. Jumapili iliyofuata nikawa nimebeba mfuko wa simenti kichwani napanda na wewe, na sikucheka tena miezi minane.

Sasa sikiliza walichofanya. Nililipeleka wazo langu kwa kaka yako Mzee Nestori, kwa heshima tu, apate habari. Kosa langu. Mzee Nestori alikuwa direkteri wa shule miaka mingi, hawezi kusikia jambo bila kuliundia komite. Mara kuna prezida, yeye mwenyewe. Kuna makamu, kuna katibu, kuna wa vinywaji, kuna wa protokoli. Protokoli ya nini, Fundi? Nani anakalishwa mbele kwenye mwamba? Mkutano wa kwanza tulikuwa watu wanne wa kwenda. Wa pili tukawa ishirini. Wa tatu, hamsini, pamoja na jenereta, spika mbili na viti vya plastiki. Mtu akauliza kama kamioneti inafika juu. Nikamwambia kinachofika kule ni mbuzi, tena mbuzi mwenye shida. Katibu akaandika, "Suala la barabara litafutiwe ufumbuzi."

Mahema yakawa vita nyingine. Mzee Nestori alisimama akasema yeye amelala kwenye hema miaka kumi na mitatu kambini Tanzania, mvua yake, jua lake, na siku aliyovuka mpaka kurudi aliapa mgongo wake hautagusa tena turubai. "Na sasa munataka nipande mulima kwa miguu yangu nikalitafute?" Watu walicheka mpaka wakapangusa macho, hata mimi. Wengi mle ndani tumezaliwa chini ya turubai hizo hizo. Nusu saa ikaenda kwenye hadithi za kambini, na ikaamuliwa wazee walale shuleni Gatete, wapande asubuhi.

Mikutano minne nimenyoosha kidole. Mikanda iko minne. Ile uliyoibembeleza kwa vijana wanaopanda minara ya simu, kila mmoja na kamba zake mbili na kulabu zake mbili. Sheria yako naijua kama sala: kulabu hii haitoki kwenye waya mpaka mwenzake ameshika mbele. Wakanijibu watu watapokezana. Watapokezana mkanda, katikati ya ukuta! Nikaketi.

Halafu wa protokoli akaleta lake. Keza atangulie. Binti wa marehemu awe wa kwanza kupanda njia ya baba yake, afike juu, aweke shada la maua. Wote wakapiga makofi. Keza mwenyewe aliinama akatabasamu, ana miaka kumi na sita na ana meno yako. Mimi makofi sikupiga.

Kwa sababu ya vile vyuma vitatu vya juu.

Unakumbuka ulivyokuwa unavijaribu. Nyundo ndogo, pigo moja, sikio karibu. Kilichoshikwa na jiwe kinalia. Kisichoshikwa kinakohoa. Siku tulipoweka vitatu vya mwisho, tulipokuwa tunakusanya vyombo, ulinigeukia ukasema, "Hivi vitatu vya juu asivikanyage mtu mpaka nivirudie." Basi. Hukueleza. Wiki iliyofuata tukaenda kukaza waya wa chini. Iliyofuata tena tukapaka rangi. Kila Jumapili, tukiwa tunashuka, unaniuliza, "Goreti, una neno?" Ninakujibu sina. Jumapili tatu. Halafu Jumatano moja ukaanguka hapa hapa karakana, futi mkononi, unapima mlango wa mtu. Presha. Mji mzima unasema mlima ndio uliokuua na nimechoka kuwasahihisha.

Kwa hiyo Jumatatu nilisimama kwenye komite nikasema vyuma vya juu si vizuri, asipande mtu.

Mzee Nestori alivua miwani. "Unataka kusema mudogo wangu alifanya kazi mubaya? Ku kuganduka yake?" Unajua kwetu, siku hiyo marehemu hana doa. Hata aliyekuwa anapiga mkewe anageuka mwana-kondoo. Sasa mimi, niliyelishwa na kufundishwa na wewe, niseme vyuma vyako vinacheza? Mama Keza aliangalia mikono yake. Nikaagizwa niende nikakague, nilete ripoti Alhamisi. Ripoti nzuri, wakasema. Walitamka kabisa hilo neno, nzuri.

Jumanne nilikwenda peke yangu. Moto, pikipiki ya abiria, ikaniacha pale kando ya ziwa, nikapanda kwa miguu kwenye michikichi, nikatokea kwenye majani, nikafika. Nikavaa mkanda, nikafunga kulabu, nikaanza kupiga. Cha kwanza kikalia. Cha pili kikalia. Nilipofika katikati nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Vyuma thelathini na saba vililia, kila kimoja. Viwili vya juu vikakohoa. Cha tatu hakikukohoa hata, kiligeuka mkononi mwangu.

Nilikutukana. Sitaki nikufiche, nilikutukana kwa sauti, nimening'inia pale, ziwa lote chini yangu na mitumbwi midogo kama mbegu za maboga. Wewe uliyenirudishia bawaba mara nne kwa upenyo wa unywele. Wewe uliyekuwa unaninyima chakula cha mchana kwa sababu ya pembe isiyonyooka. Unaacha vyuma vitatu namna hii, unasema nitarudia, nitarudia, kisha unakufa! Nilikipiga kile chuma kwa hasira mpaka simenti ikabanduka, donge moja likabaki kiganjani. Nikalitazama.

Lilikuwa na konokono. Vile vikonokono vyeupe vya ziwani, vidogo kama punje za mchele. Vimejaa.

Nimezunguka sana, Fundi. Nimekusimulia komite, nimekusimulia mahema. Basi niseme.

Mchanga ilikuwa kazi yangu. Ulitaka mchanga wa mtoni, ule wa bondeni upande wa pili, wenye meno, ukiusugua kiganjani unauma. Kushuka na kupanda tena na gunia kichwani ni saa nzima. Jumapili ile miguu ilikuwa inaniuma, nilikuwa nimegombana na watu nyumbani, sina hamu. Na pale moto ilipotushusha palikuwa na nyumba inajengwa na lundo la mchanga wa ziwa, ule laini usioshika simenti, mbele yake. Wewe ulikuwa unasalimiana na watu. Nikajaza gunia, nikafunga mdomo wake, nikaenda kukaa kwenye kivuli muda wa kutosha kushuka bondeni na kurudi. Tukakoroga, ukaweka vitatu vyako, jasho linakutoka, unaning'inia. Mwishoni ulikung'uta gunia, yakabaki mabaki kiganjani, ukayasugua kwa kidole gumba. Ukayatazama. "Mchanga wa wapi huu?" Nikasema, wa mtoni.

Ukafunga kiganja. Ndipo ukasema vitatu vile asivikanyage mtu.

Nilitaka kukuandikia kwamba nilikuwa nimeshausahau huo mchanga. Si kweli. Siku ile kwenye komite niliposema vyuma vya juu si vizuri, nilijua kwa nini si vizuri. Niliwaacha wafikirie ni mkono wako. Mzee Nestori alipovua miwani alikuwa anakutetea wewe, na aliyekushtaki nilikuwa mimi, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Keza angetangulia. Angefika pale juu na maua mkononi, angeshika chuma cha tatu.

Jumatano nilikwenda kwa mke wako. Alikuwa anapepeta mchele uani. Nikamwekea donge kiganjani, nikamwambia yote nimesimama, sikukubali kiti. Aliligeuza lile donge. Akasema, "Alijua huyo. Alirudi siku ile akaniambia, Goreti amenidanganya mchanga." Anasema alikwambia uniulize waziwazi, ukakataa. Ulisema ukinivuta nitasema kwa sababu nimevutwa, na fundi wa namna hiyo kesho atadanganya tena. Ulisema nitasema mwenyewe. Ulisema nipewe Jumapili nyingine.

Fundi, kwa nini? Kwa nini hukunipiga hata kofi moja, tukayamaliza? Mimi nilidhani unauliza kama mtu anavyouliza habari za nyumbani. Umeniachia swali mwaka mzima.

Jana, Alhamisi, nililiweka donge mezani mbele ya komite, juu ya orodha ya vinywaji. Nikasema. Nilifika mwisho. Wa protokoli akasema mtu kama mimi asifungue tena karakana ya marehemu. Mtu mmoja aliyeagiza geti kwangu alikuwemo, akasema atalitengenezesha kwingine. Keza alitoka nje, na leo nimepita kwao hajaitikia salamu yangu. Ana haki.

Mzee Nestori hakunitazama. Aliuliza kitu kimoja tu, vile vingine vinalia? Nikamwambia thelathini na saba, vyote. Akamgeukia katibu. "Andika hiyo. Andika vya mudogo wangu vinalia." Akasubiri mpaka katibu amemaliza, ndipo akafuta safari yote, spika, viti, na mahema aliyokuwa anayachukia.

Kwa hiyo kesho ni viti, uani kwako, kama kila kuganduka. Jina langu limetolewa kwenye wanaosema. Nitakuja hata hivyo, nitasimama nyuma, nitabeba masinia. Sioni kama wanaweza kunizuia kubeba sinia.

Na Jumapili napanda. Patasi, nyundo, mfuko wa simenti, na gunia tupu. Nitashuka bondeni mpaka mtoni, nitausugua mchanga mpaka unikate. Nitang'oa vile vitatu, nitasafisha matundu, nitaviweka upya, na nitaviacha wiki nne bila kuvigusa, hata nikiwashwa na mikono. Kisha nitavipiga nyundo mbele ya Mama Keza. Amesema atakuja. Keza akitaka kuja tutamngoja, asipotaka mkanda wake utabaki umetundikwa hapa hapa mpaka atake. Siku hiyo nitatangulia mimi, na vile vitatu nitavikanyaga mimi kwanza kwa uzito wangu wote. Tukilala kule, nitakuwekea kigoda.

Lala salama, Fundi. Murakoze, asante kwa mkono ulionipa, na kwa kofi ambalo hukunipa, ingawa hilo la pili bado linaniuma.

Uliniuliza Jumapili tatu kama nina neno.

Ninalo. Mchanga ulikuwa wa ziwani.

Goreti