Pole ya Kuku

Ipoh, Malaysia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa barazani, miguu umeinyoosha, na yale magoti yako yameona haya yakakuacha upumue kidogo. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na hata mwili umeongezeka, ingawa hilo usilitangaze kanisani. Vipi mto? Nimeambiwa ulijaa ukafika mpaka kwenye migomba, kisha ukarudi mwenyewe bila ugomvi. Na mpunga je, nani anaamia ndege msimu huu? Usiniambie ni wewe.

Komora, kaka yangu, najua ni wewe unayesoma. Soma yote. Usiruke pale unapotajwa na usitie chumvi yako. Mama akicheka mahali ambapo sikuandika kichekesho, nitajua tu.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na simu yako Mama hukatakata maneno mpaka salamu inageuka matusi. Kadzo, mwenzangu wa Magarini, anakuja likizo, naye ameahidi kuifikisha barua mpaka kwenye kibanda cha Komora pale Garsen. Akifika mkaribisheni vizuri, maana huyu ndiye aliyeniuguza nilipopata homa.

Sasa tuingie kwenye jambo. Najua Komora amekwambia kwamba binti yako amechekwa na nchi nzima, na wewe ukakosa usingizi. Mama, ni kweli. Nimechekwa na watu nisiowajua, nimechekwa na meneja wa hoteli, nimechekwa na mzee anayeniuzia samaki. Na sijapata kufurahi hivi tangu nilipotoka nyumbani. Tulia nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu Komora alisikia mkia tu wa hadithi akakuletea kama kichwa.

Unajua kazi yangu ni kwenye dobi ya hoteli. Hata huku wanaita dobi. Lugha yao ina maneno mengi ya kwetu: habari wanasema khabar, dunia ni dunia, wakati ni waktu, na mtu akikuona umechoka atakwambia sabar. Ukisikia maneno kama hayo kila siku unaanza kujiona mwenyeji. Mimi nilijiona nimeshakijua Kimalei chote. Kuuliza si ujinga, lakini nani wa kuuliza wakati anajua?

Ninayefanya naye kazi ni mama mmoja wa makamo anaitwa Kak Timah. Kak ni kama kusema dada mkubwa. Yeye anapiga pasi, mimi nakunja, na siku nzima tunasikiliza Suraya na Bee Hwa. Hawa ni wasichana wawili wanaocheza mpira wa vinyoya, na ndiyo kazi inayowalisha. Huo mchezo, Mama, hauna mpira. Kuna kidude chepesi kilichozungushiwa manyoya ya bata, wanakipiga kwa raketi juu ya wavu, kisianguke upande wako. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa watoto. Halafu nikamwona mtu mzima akijitupa sakafuni kukifuata, akainuka, akajitupa tena, nami nikajikuta nimesimama na shuka la hoteli mkononi napiga kelele.

Lakini tunachowapendea zaidi ni podikasti yao. Wanakaa wawili, wanazungumza, wanajirekodi na kuweka kwenye simu, na sisi tunasikiliza. Watasema nani alikoroma kwenye ndege, nani alisahau viatu hotelini, nani alinuniwa kwa sababu ya kumaliza pilipili ya mwenzake. Wakishinda wanacheka, wakishindwa wanasema walivyolia bafuni. Hawajifanyi. Ndiyo maana watu wanawapenda kama watoto wa nyumba moja. Mama wa watu wanawapikia vitafunio na kuwapelekea mazoezini. Kak Timah huwaombea katika kila swala, na mimi nimewaingiza katika sala zangu za Jumapili, ikabidi nimweleze Mungu ni akina nani.

Basi mwaka huu mambo yakawaharibikia. Suraya aliumia goti. Wakawa wanashindwa mapema, na watu wenye ndimi zisizo na mfupa wakaanza kumwandikia maneno machafu, kwamba ni mzee, kwamba anamzuia mwenzake kupata mchezaji bora. Podikasti ikanyamaza majuma mengi. Dobi ikawa kimya mpaka tukasikia maji yakitembea ndani ya mabomba.

Siku iliporudi, Kak Timah alikuwa mapumzikoni, nami nilikuwa peke yangu na marundo yangu. Suraya alizungumza sauti ya chini, nusu Kiingereza, nusu Kimalei. Kwa Kiingereza alisema amechoka, kwamba mashindano ya hapa Ipoh huenda yakawa ya mwisho kwake. Kisha akageukia lugha yao akasema, "Kuku saya dah tak ada." Saya ni mimi, au yangu. Dah ni tayari, na tak ada ni hakuna, au hayupo. Hayo nilikuwa nayajua. Na kuku, Mama, nani wa kunifundisha mimi maana ya kuku?

Moyo ulinikatika. Nikasema, jamani, goti limeharibika, watu wanamtukana, na sasa hata kuku wake amekufa. Nikaacha kukunja, nikashika simu nikawatumia ujumbe wa sauti. Huwa wanapokea salamu za mashabiki, nami sikuwahi kutuma kwa aibu. Siku hiyo aibu sikuiona.

Nilimwambia hivi kwa Kiingereza: mimi naitwa Rehema, nafanya kazi dobi, kwetu ni Wema, kando ya mto Tana, Kenya. Nimesikia kuku wako hayupo tena, pole sana dada yangu. Nikamweleza ule mwaka wa mafuriko, tuliporudi kutoka mwinuko tulikokimbilia, tukakuta matope mpaka dirishani na kuku wako wote, Mama, wamekwenda na maji. Banda lilikuwa limeinama upande. Sisi watoto tukataka kulivunja tupate kuni, ukatoka nje na mwiko mkononi ukasema, "Kuku wamekwenda, banda lipo. Liacheni." Hayo nikayasema kwa Kiswahili kwanza, ndipo nikayafasiri. Nikamweleza pia alivyokuja Bi Hawo, yule Muorma anayetuuzia maziwa, na tetea aliyemshika mbali na nguo zake kama mtu aliyebeba kaa la moto, maana wao ni watu wa ng'ombe. Unakumbuka alivyosema? "Mama Komora, shika hii ndege yako. Mimi hii kitu sijui. Imenipigia kelele njia yote." Tetea huyo akajaza banda. Nikamalizia kwa kumwambia Suraya kwamba asivunje banda bado, na kwamba nikipata nafasi nitamtafutia tetea mzuri.

Siku chache baadaye tuko kazini, Kak Timah na pasi yake, nikasikia sauti yangu ndani ya simu. Mama, sauti yangu! Na Bee Hwa anacheka mpaka anapaliwa. Kak Timah akanitazama, akazima pasi. Akainua mkono wake, akagusa ukucha wa kidole gumba, akasema polepole kama anayefundisha mtoto, "Kuku." Kisha akabana viwiko, akapiga mabawa kuizunguka meza ya pasi, akasema, "Ayam!"

Kuku kwao ni ukucha. Mtoto wa watu alikuwa anasema ukucha wa kidole cha mguu umeng'oka ndani ya kiatu, nami nimempa pole ya msiba na kumwahidi tetea. Nilitamani kujifungia ndani ya mashine ya kufulia.

Kipande hicho, kilichosambaa kwenye simu, ndicho alichokisikia Komora. Kilichofuata hakukisikia, kwa sababu mtu akishapata cha kuchekea haendelei. Suraya naye alicheka, tena sana. Kisha akasema watu wengi wanamtumia maneno, hawa wanamwambia pumzika, wale wanamwambia pambana, lakini hakuna aliyewahi kumpa pole akakaa naye kama amefiwa. Akasema, "Huyu dada yuko mbali na mama yake, na bado amehuzunika kwa sababu ya kuku wangu ambaye hata simfugi." Akaahidi kwamba hataamua lolote mpaka acheze hapa Ipoh na daktari mwingine amtazame goti. Nami nililia, Mama, nakwambia wazi. Kak Timah alinifuta machozi kwa foronya ya mgeni.

Basi yaliyotokea baada ya hapo ni mambo ya mashabiki, na mashabiki hawana dogo. Siku ya mashindano Kak Timah alinivuta twende. Kufika ukumbini nikapigwa na butwaa. Kila upande ni kuku! Watu wamevaa kofia zenye vilemba vyekundu vya jogoo. Watoto wameshika vifaranga vya kitambaa. Kuna baba mzima, na kitambi chake, amevaa vazi la jogoo toka kichwani mpaka magotini, jasho linamtiririka. Na juu kabisa wameshika kitambaa kimeandikwa kwa herufi kubwa: KUKU WAMEKUENDA BANDA LIPO. Wamekosea herufi, na nilikuwa sijaona Kiswahili kizuri kama hicho tangu nilipoondoka. Maneno yako, Mama, ya pale nje na mwiko.

Walicheza na wasichana wadogo wenye mbio kama digidigi. Seti ya kwanza wakapigwa. Ya pili Suraya akaamka, akawa anapiga vile vinyoya vinaanguka karibu na wavu kwa upole, wale wadogo wanakimbia hawavifikii. Wakashinda seti hiyo na ukumbi wote ukalia kokoriko. Ya tatu wakapigana mpaka mwisho, wakashindwa kwa kidogo sana. Nilidhani watu watainama. Hakuna aliyeinama. Walisimama wote wakapiga makofi mpaka wale washindi wenyewe nao wakawapigia makofi.

Wakati wanatoka, Kak Timah, asiyekuwa na haya hata kidogo, alipiga ukelele akaninyooshea kidole: "Ni huyu! Ni huyu wa kuku!" Suraya akaja mpaka kwenye ukingo wa viti vyetu akichechemea. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, na mikono yake ni migumu kama ya mtu wa jembe. Akaniita kwa jina langu. Huku wengi wananiita Afrika tu, Mama, kama vile nimelibeba bara zima kichwani, na yeye akasema Rehema. Kisha mbele ya umati ule akavua kiatu na soksi, akanyoosha mguu juu ya ukingo, akanionyesha kidole gumba. Ukucha mpya ulikuwa unachomoza. "Kuku," akaniambia kwa fahari, "anaota tena."

Nikamuuliza, je, utaendelea? Akanitazama akasema hata yeye hajui, daktari bado hajajibu. Jibu atalitoa kwenye podikasti. Hiyo podikasti inatoka leo jioni. Ndiyo maana naandika hivi haraka hapa kwenye benchi la dobi, roho juu, na Kadzo anaondoka kesho asubuhi. Utashangaa kwamba naumia hivi kwa ajili ya goti la mtu asiye ndugu yangu. Hata mimi nashangaa. Lakini miezi ile ya kwanza huku, nilipokuwa silali, sauti za wale wasichana wawili ndizo zilizokuwa zikinizungumzisha. Akiacha, sitafiwa, lakini nitapungukiwa.

Nisalimie wote. Msalimie Baba Mdogo na umwambie bado naisikia kwaya yake masikioni, hasa pale wanapokosea. Msalimie Bibi, umpe mkono wangu kwa mikono miwili. Msalimie mke wa Komora, na umwambie ana subira ya mitume. Bi Hawo akileta maziwa mwambie jina lake limetajwa Malaysia na watu wamempenda, na yule jogoo mwenye kitambi alipiga magoti aliposikia habari zake. Mchungaji nitamsalimia mwenyewe siku nitakayokuja.

Nakubusu mikono, Mama. Mungu akutunze magoti na roho.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Rehema

Mama, nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Podikasti imetoka. Bee Hwa alianza kwa kusimulia tambi alizokula, tambi, tambi, mpaka Kak Timah akaitukana simu. Kisha Suraya akachukua. Daktari amesema goti linatibika. Atapumzika, atatibiwa, na mwakani atacheza, na Bee Hwa amekataa kutafuta mwenza mwingine, amesema atamngoja. Kak Timah amelikumbatia rundo la shuka safi akalia juu yake, sasa tunalifua upya na hakuna anayejali. Anarudi, Mama! Piga kigelegele hapo hapo ulipo, usimngoje Komora amalize kusoma.