Mashine Nyuma ya Ukuta wa Baba Akinyi

Jumatatu, 9 Julai 1979
Nimeamka saa kumi na mbili kama kawaida. Nimeoga, nimevaa blauzi ya ofisi na viatu vya visigino, nimeshika mkoba. Nikafika mlangoni. Kumbe sina ofisi! Niliacha kazi Ijumaa. Nimecheka peke yangu pale mlangoni kama mwendawazimu.

Mama hakucheka. Anasema mtu haachi mshahara akiwa na akili zake. Bosi naye ameniambia kiti changu kitakuwa wazi hadi Jumatatu ijayo, baada ya hapo atamweka mwingine. Mama ameishika tarehe hiyo kuliko hata sikukuu.

Mimi nina mashine yangu. Yangu! Taipureta kuukuu, nzito kama gunia la viazi, na kengele yake inasikika hadi barabarani. Nimeiweka mezani karibu na dirisha. Sasa nangoja kazi ya kupiga chapa.

Jumanne, 10 Julai
Kazi imekuja! Mwalimu Makokha wa shule ya msingi ameandika mchezo wa kuigiza. Utachezwa papa hapa Kaloleni, kwenye ukumbi wetu. Ameniletea madaftari matatu, na mwandiko wake ni balaa. Anataka nakala nane. Karatasi zangu za kaboni haziwezi kutoa nakala zaidi ya nne zinazosomeka kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kila ukurasa naupiga mara mbili. Mwisho ni Jumamosi. Nikimridhisha, wenzake nao wana kazi. Nikichelewa, anaupeleka mjini, na mimi Jumatatu narudi ofisini nimefyata mkia.

Nimepiga hadi vidole vikawaka. Raha tupu.

Jumatano, 11 Julai
Ukuta umegongwa saa tatu asubuhi. Nikaendelea. Ukagongwa tena. Halafu jirani yetu, Baba Akinyi mwenyewe, akasimama mlangoni, fulana na kikoi, macho mekundu.

"Wambui, usiku kucha mimi niko na gari moshi. Mchana nalala, wewe unanipigia misumari kichwani. Nilale saa ngapi?"

Ni gadi wa reli, na zamu yake ni ya usiku. Kitanda chake kiko nyuma ya ukuta huu huu. Nilijua. Sikufikiria.

Nimekasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikakasirika tena. Siwezi kuhamisha meza, nyumba nzima ina dirisha moja la maana, na usiku taa ya mafuta hainionyeshi mwandiko wa Mwalimu. Nimekunja blanketi nikaliweka chini ya mashine. Bado inapiga kelele. Nimeacha. Mama ameniuliza, kwa upole kabisa, kama kule ofisini kulikuwa na mtu aliyelala nyuma ya ukuta.

Alhamisi, 12 Julai
Nimebeba mashine, nimebeba meza, nimekwenda kukaa kwenye kibaraza cha ukumbi. Mtunza ukumbi amekubali mradi nisizibe mlango.

Baridi ya Julai si mchezo. Karatasi nimezikandamiza kwa mawe. Watu wamekuja kusimama nyuma yangu na kusoma begani mwangu, jambo ambalo nalichukia kupita kiasi. Nilikuwa karibu kumfukuza mama mmoja anayesuka nywele pale jirani, akaanza kusoma kwa sauti. Watu wakacheka. Wakaja wengine.

Mchezo wenyewe ni wa mzee aliyejificha ghalani ili asikie wake wa wanawe wanamsema vipi. Wanamsema vibaya! Naye vumbi la mahindi limemwingia puani. Ukurasa ukiisha watu wanapiga kelele.

"Dada, harakisha, huyo mzee atapiga chafya!"

Sijawahi kupiga chapa namna hii maishani mwangu. Kule ofisini nilipiga barua za madeni na hakuna aliyewahi kuniambia harakisha kwa sababu anataka kujua.

Jioni nimemwona Baba Akinyi nyuma ya watu, akienda zamu, taa mkononi. Amesimama muda mrefu akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Ijumaa, 13 Julai
Mvua. Imenyesha tangu alfajiri na upepo unaisukuma hadi ndani ya kibaraza. Sehemu ya mwisho yote bado. Nimekaa nyumbani mbele ya mashine, mikono mapajani. Baba Akinyi amelala. Saa nne. Saa tano. Mama ametia makaa kwenye pasi na kuanza kunyoosha blauzi yangu ya ofisi.  Afadhali angenigombeza.

Kisha ukuta ukagongwa. Nilitaka kulia. Sijagusa hata herufi moja!

"Wambui! Mbona kimya? Yule mzee ametoka ghalani ama bado?"

"Bado, Baba Akinyi."

"Sasa unangoja nini? Piga! Ukimaliza karatasi, unisomee."

Nimepiga. Nimesomea ukuta. Ukuta ukacheka, ukasema hao wanawake hawana adabu, ukasema endelea. Ukurasa wa pili vilevile. Wa tatu nimeusoma, ukuta haukucheka. Nikasikiliza. Mtu anakoroma! Kengele inalia, herufi zinagonga, na Baba Akinyi anakoroma.

Nimemaliza kabla giza halijaingia. Hakusikia chafya ilivyopigwa.

Jumamosi, 14 Julai
Mwalimu Makokha amesoma akiwa amesimama, akicheka maneno yake mwenyewe. Nakala nane, zote zinasomeka. Ameniachia kazi ya mwenzake, maelezo ya jiografia, mazito kama tofali. Nimerukaruka njia nzima kurudi nyumbani. Mwanamke mzima!

Baba Akinyi amenisimamisha akitaka mwisho wa mchezo. Nimekataa. Aje ukumbini kama watu wengine.

Jumatatu, 16 Julai
Asubuhi ya baridi. Blauzi ya ofisi inaning'inia kwenye msumari, imenyooka vizuri. Mama ameitazama, akanitazama mimi, akaenda kuweka chai.

Saa mbili nimesikia mlango wa Baba Akinyi, viatu vizito, kitanda kikilia. Sikugusa mashine. Nimekunywa chai yangu polepole, sikio ukutani.

Amekoroma. Nimeingiza karatasi.